Jamani, Mwacheni Huyu Mama Akande Unga

Epua chochote kilicho jikoni, kaa chini, nikusimulie. Kuna chaneli ya YouTube inayoitwa Country Life Vlog, inarekodiwa kijijini Azerbaijan, nchi iliyokaa kati ya milima ya Caucasus na Bahari ya Kaspi, na mimi niliyeigundua juzijuzi tu nimeshakuwa mtu wa kuhurumiwa. Ndani yake kuna mama mtu mzima aliyejifunga kitambaa kichwani, mumewe, moto wa kuni, na milima nyuma yao. Mama anapika. Mzee anachanja kuni. Kuku wanapita. Maji yanachemka. Basi! Hicho ndicho kipindi chote, na nakuapia sijaona kitu kitamu hivi kwenye simu yangu tangu nianze kumiliki simu.

Nianze na unga, maana unga ndio ulioniangusha. Mama anaumwaga kwenye beseni pana, anachimba shimo katikati kwa ngumi, anatia maji bila kupima. Anakanda. Kamera haiondoki. Wewe uliyezoea vipindi vya televisheni unangoja mtangazaji ainame chini ya meza atoe mkate mwingine ulioiva tangu asubuhi, lakini wapi! Mama anakanda mpaka donge linang'aa, analifunika kwa kitambaa, anaondoka zake kwenda kuchuma mboga. Anarudi kwa wakati wake. Anakata madonge madogo, anayasukuma kwa kijiti kirefu, chembamba kuliko chetu cha chapati, mpaka duara linakuwa jembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Kisha analitandaza juu ya saj, kile chuma kilichobinuka mgongo juu, moto ukiwa chini, na papo hapo mkate unatoa mapovu, unapata madoadoa ya kahawia, unageuzwa kwa mkono mtupu. Mkono mtupu! Wapishi wa chapati wa hapa Kitale, wale mnaokaanga alfajiri karibu na stendi, nawaheshimu sana, lakini njooni mmwone huyu. UNESCO iliiweka mikate hii myembamba kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2016, ikiiandika kwa jina la Azerbaijan pamoja na Iran, Kazakhstan, Kyrgyzstan na Uturuki, na mimi sikuwa najua hata kidogo kwamba chapati inaweza kuandikiwa cheti.

Halafu sauti. Vaa spika za masikioni, tafadhali, usiniharibie. Kisu kikishuka kwenye ubao. Kitunguu kikiingia kwenye samli. Shoka likiingia kwenye gogo. Kijito kinapita mahali fulani. Na hakuna anayezungumza! Mama na mzee hawasemi karibu lolote. Hakuna muziki wa kukupandisha presha, hakuna mtu wa kukuomba ubonyeze kengele. Ndiyo maana naamini kitu hiki kimeumbwa kwa ajili yetu sisi huku magharibi mwa Kenya. Tumelelewa na sinema zinazohitaji msimulizi wa kutusaidia. DJ Afro aliwafundisha Wakenya wengi kufuata filamu za ngumi kwa Kiswahili chake cha mbio, na ukiukaribia mpaka wa Lwakhakha utasikia wasimulizi wa Uganda, wale VJ, wakipasua filamu za Hollywood kwa Kiganda ndani ya vibanda. Sasa mpe DJ Afro mama anayemenya bilinganya. Aseme nini? Kwa mara ya kwanza maishani ninatazama kitu cha mbali sana ambacho mimi, mama yangu asiyejua Kiingereza na mtoto wa jirani aliye chekechea tunakielewa kwa kiwango kilekile.

Na plov! Subiri, hii lazima niieleze polepole, kama nitaweza. Ni wali wa zafarani. Mchele unachemshwa kwanza kidogo, unachujwa, unarudishwa kwenye sufuria nzito yenye samli, lakini chini kabisa, kabla mchele haujaingia, wanatandika tabaka la unga uliochanganywa na yai na maziwa ya mgando. Sufuria inafunikwa kwa kitambaa ili mvuke usidondoke, na inaachwa. Inaachwa tu, moto ukiwa mdogo, na mama anakaa anakunywa chai kwenye bilauri ndogo iliyobanwa kiunoni. Mwisho wanapakua wali unaochambuka punje kwa punje, na lile tabaka la chini linatoka likiwa la dhahabu, limekauka, linavunjika kwa kelele. Wanaliita qazmaq. Ni ukoko, ndugu zangu! Ni ukoko uliopangwa, uliotarajiwa! Sisi tuliogombaniana ukoko na ndugu zetu kwa vijiko, tukikwaruza sufuria mpaka mama akatishia kutupiga, kumbe tulikuwa watu wenye ladha za hali ya juu na hakuna aliyetuambia.

Sasa swali ambalo rafiki zangu wananiuliza kwa kunidhihaki: mtu wa Kitale anatafuta nini kwenye chakula cha Azerbaijan? Kitale! Mji uliozungukwa na mahindi hadi upeo wa macho, mji ambamo kampuni ya mbegu ya Kenya Seed ilianzishwa mwaka 1956 na ambao mbegu zake zimepandwa kote nchini. Tuna chakula hata cha kutupa.

Ndiyo, na hapo ndipo penyewe. Hapa Trans Nzoia, kaunti ya mji wetu, chakula hakijawahi kuwa starehe. Chakula ni habari. Ni bei ya gunia la kilo 90. Ni mbolea imefika au haijafika, mvua imewahi au imechelewa, mahindi yamekauka au bado yana unyevu na mnunuzi atayakataa. Kaa hotelini Kitale mwezi wa Novemba uagize chai, usikilize meza ya jirani: hutasikia neno moja kuhusu ladha. Tunazungumza kuhusu chakula kuanzia asubuhi hadi usiku na mazungumzo yote yana jasho ndani yake. Halafu unafungua simu, unamwona mwanamke anayechambua komamanga punje moja moja kwenye bakuli, na katika dakika 30 hakuna aliyetaja bei ya kitu chochote. Hakuna! Komamanga limetoka mtini. Kondoo ametoka zizini. Maziwa yametoka kwa ng'ombe yule pale. Najua vizuri sana kwamba mambo hayawi hivyo hata huko. Mtu yeyote mwenye ng'ombe duniani ana madeni. Lakini kwa dakika 30 naomba nidanganywe, na huyu mama ananidanganya kwa adabu kubwa.

Nilishuka na video hizo Bungoma, kwetu nyumbani, mwisho wa juma. Matatu kutoka Kitale hupita Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, Webuye, na kabla hatujafika Kanduyi abiria wa pembeni yangu alikuwa amehamisha kichwa chote upande wa simu yangu akitazama majani ya mzabibu yakifungashwa nyama ya kusaga. Dolma hiyo, nayo iko UNESCO tangu 2017. Hakuuliza chochote. Alisema tu, "Rudisha kidogo pale," nikarudisha.

Nyumbani nikamkuta mama yuko jikoni kwake, jiko la mafiga, saga iko motoni. Kama huijui saga ya Kibukusu, ile lisaka, kwanza nakuonea huruma. Majani machungu yanachemshwa, yanatiwa maziwa, yanaipuliwa, kesho yanarudishwa motoni na maziwa mengine, kesho kutwa tena, mpaka uchungu unakubali yaishe. Ni mboga ambayo ukiiharakisha inakuadhibu mdomoni. Nikaketi kwenye kigoda, nikamwekea simu mbele, nikamwonyesha mama wa Azerbaijan na wali wake.

Alitazama kimya kwa muda mrefu. Nikawa nangoja asifu ule ukoko. Kisha akauliza, "Mwanangu, huyo mama, moshi wake unaenda wapi?"

Jamani! Nilikuwa nimekunywa video baada ya video na swali hilo halikuwa limenijia. Turudishe nyuma tuone. Mama wa Azerbaijan anapikia uani, juu ya kilima, upepo unapita. Na kamera, hebu tazama vizuri, daima imesimama upande upepo unakotoka. Moto unauona wote, rangi zake zote, na moshi unasukumwa kwenda kwa mtu usiyemwona. Anayepuliza ni mwingine. Anayefuta machozi, kama wapo wanaofuta, ni mwingine. Sensa ya mwaka 2019 ilikuta zaidi ya nusu ya kaya za Kenya zinapikia kuni, na mashambani nyumba nyingi mno, kwa hiyo usidhani mtu wa Bungoma anatazama moto kwa sababu hajawahi kuuona. Anatazama moto ambao hatatumwa kuutafutia kuni. Mama yangu alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwenye mafiga yake, macho mekundu, anaangalia mafiga ya mwenzake kwenye skrini, na uso wake ulikuwa umelegea kabisa. "Hebu ongeza sauti," akasema.

Nikamwambia kuhusu Wanorwei. Februari 2013 shirika la utangazaji la Norway, NRK, lilirusha kipindi cha kuni kilichodumu saa 12 mfululizo: kuzichanja, kuzipanga, kuzijadili, na kisha saa 8 za moto ukiwaka tu kwenye meko ya nyumba. Watu wazima wakakesha wakiutazama, wengine wakitoa maoni gogo lipi liongezwe wapi. Mama alicheka mpaka akashika ubavu. Akasema waje Bungoma, yeye atawaonyesha bure, na kuni walete wao.

Sasa usiniache hapa, maana ukishaonja hii utataka nyingine, na njia ni ndefu na tamu. Ukitaka hadithi yenye watu wanaosema, nenda kwenye The Makanai: Cooking for the Maiko House, sehemu 9, Netflix, Januari 2023. Aliyeiongoza pamoja na wenzake ni Hirokazu Kore-eda, yule Mjapani aliyeshinda Palme d'Or huko Cannes mwaka 2018 kwa Shoplifters, na hapa ameamua kupumzika na sisi tupumzike naye. Wasichana wawili wa miaka 16, Kiyo na Sumire, wanatoka Aomori, kaskazini kwenye theluji, kwenda Kyoto kujifunza sanaa ya umaiko, ngazi ya kwanza ya ugeisha. Sumire ana kipaji. Kiyo, masikini, akicheza ngoma ni kama kabati linahamishwa. Anaambiwa arudi kwao. Lakini anaingia jikoni anawapikia wenzake wali wenye kuku na yai, nyumba nzima inanyamaza ikila, na mambo yanaishia hapo: anakuwa mpishi. Halii! Hamwonei mwenzake wivu! Nilikaa nikingoja kisasi, nikingoja mama wa kambo, sumu, mimba, wosia uliofichwa, yale yote ambayo tamthilia za saa tatu usiku zimetufundisha kutarajia, na badala yake Kiyo akaenda sokoni kuchagua bilinganya. Niliona raha mpaka nikaogopa.

(Wakenya tulishawahi kuonjeshwa Netflix ya bure: mwaka 2021 walitufungulia mpango wa simu za Android usiotaka hata kadi ya benki, na Novemba 2023 wakaufunga. Tangu hapo ni kujipanga na bando.)

Ukitaka uzuri unaoumiza macho, basi Li Ziqi wa Sichuan, China. Huyu hapiki tu. Anapanda soya, anavuna, anasaga, anatengeneza mchuzi wake mwenyewe, na misimu minne ya mwaka inapita ndani ya video moja fupi huku bibi yake akiwa pembeni anangoja kula. Mwaka 2021 Guinness ilimtambua kwa kuwa na wafuatiliaji milioni 14.1, wengi kuliko chaneli nyingine yoyote ya YouTube ya lugha ya Kichina. Kisha mwaka huohuo akapotea. Miaka mitatu na zaidi hakuna video mpya, hadi Novemba 2024 aliporudi. Sababu? Mgogoro na kampuni aliyoshirikiana nayo, kuhusu nani mwenye jina na faida. Yaani ule ukimya wote wa mianzi na ukungu ulikuwa na mawakili nyuma yake! Nilipolijua hilo nilitarajia utamu upungue. Haukupungua. Nilimtazama akichuma maua chini ya mvua nikawaza, huyu naye anajificha hapa kama mimi.

Ila nisikufiche, kwangu Li Ziqi ni wa pili. Ni msafi mno. Nguo haipati doa. Mama wa Azerbaijan anafuta mkono kwenye aproni, anaonja kwa kijiko hichohicho, na mzee wake ana koti ambalo mjomba yeyote wa Kimilili angelivaa sokoni Chwele siku ya mnada. Hapo nipo nyumbani. Na kama unapenda kelele kidogo, wapo mzee na vijana wa Village Cooking Channel kutoka Tamil Nadu, India, walioanza mwaka 2018, wanaopika shambani kwa masufuria ya kuogeshea ng'ombe na kugawa chakula kwa wazee na yatima. Hao watazame mchana. Usiku watakuamsha.

Vya mashindano siviwezi tena, nimekata shauri. Vile ambavyo mtu mzima anatetemeka mbele ya majaji watatu wenye nyuso za mtihani, saa inahesabu kwenda nyuma, keki inaanguka, anatokwa na machozi, tangazo la biashara linaingia. Mtu umetoka kazini umefokewa, unakaa kumtazama mwingine akifokewa? Kwa mama wa Azerbaijan saa haipo. Kuna jua, na likizama wanawasha taa.

Lalamiko langu ni moja na ni kubwa: vyombo. Wamepika wali, wamepika nyama, wametengeneza kachumbari, wameteleka birika la samovar, masufuria manne, sinia, mabeseni, visu. Meza inaandaliwa chini ya mti, wanakula, mlima unaonekana, video inakwisha. Nani ameosha? Nionyesheni karo! Kama mna nia ya kuniliwaza kwa dhati, nipeni dakika 10 za sufuria la plov likisuguliwa kwa majivu na mtu ambaye si mimi.

Shangazi yangu alipoona vile tumejikunyata kwenye simu alisema turekodi za kwetu, aingie na kuku wake, ingokho apikwe polepole, busuma, ugali wetu wa wimbi na muhogo, usongwe, baba apewe imondo yake, ile firigisi, dunia itazame. Wazo zuri, na likitimia nitalisambaza kwa moyo wote. Lakini kulitazama? Siwezi. Najua kisima kiko umbali gani. Najua kuku yule ni wa nani na nani alitumwa kumkimbiza. Kila mwiko ukizunguka kwenye ile sufuria bega langu litauma. Acheni wao wa Baku, huko Azerbaijan, wajiliwaze na moshi wetu, wanapouona moto wetu unang'aa na hawajui kisima kiko wapi. Sisi tunao wao.

Kwa hiyo nenda, tazama, anza na ile ya mkate, kisha ya wali. Pakua ukiwa mahali penye mtandao mzuri, maana stima ikikatika Bungoma mnara wa simu nao hulegea na utabaki unatazama duara linazunguka. Mimi wiki hii nashuka tena. Mama ameshapiga simu kuagiza: nimletee mbili za plov na moja ya mkate. Ya Wajapani niiache Kitale, amesema, kwa sababu ameangalia sehemu mbili nzima na hajaona wali wao ukishika chini hata mara moja. Nimemweleza kwamba Kiyo ni mtoto mzuri, ana heshima, anapika vizuri. Akaniuliza, "Ukoko uko wapi?" Sikuwa na jibu, nikapakua za plov tatu.